Barua ya wazi kwa Mkutubi Mkuu: mrudishe Giovanni rafuni

Ndugu Mkutubi Mkuu,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fasihi, mkazi wa Chang'ombe hapa Dodoma, na mwanachama wa maktaba yako tangu nilipoweka chaki chini. Jumanne iliyopita nilifika kuazima kwa mara ya pili riwaya ya James Baldwin iitwayo Giovanni's Room, nikaambiwa na kijana wa mapokezi, kwa sauti ya chini, kwamba imeondolewa kwa kuwa msomaji mmoja amelalamika kuwa ni kitabu cha "mambo yale". Kijana hakuwa na kosa, wala sikumgombeza. Nimeona nikuandikie wewe mwenye dhamana, tena hadharani, ili wasomaji wenzangu wajue kilichotolewa ni nini.

David, kijana wa Kimarekani, yuko peke yake usiku katika nyumba ya kupanga kusini mwa Ufaransa, akisubiri kupambazuke, kwa sababu asubuhi hiyo Giovanni, Mwitaliano ambaye David alimpenda kisha akamtelekeza jijini Paris, atakatwa kichwa kwa kosa la mauaji. Wawili hao waliishi katika chumba kimoja kidogo pembezoni mwa jiji, ambacho vioo vya dirisha lake vilipakwa weupe ili wapita njia wasichungulie. Giovanni anajaribu kukigeuza chumba hicho kiwe nyumba: anang'oa matofali ya ukuta ili apate mahali pa kupanga vitabu, huku mwenzake akimtazama na kuwaza namna ya kuondoka. Sehemu hiyo niliirudia mara tatu, kamusi ikiwa pembeni, na sioni aibu kukiri kwamba mara ya tatu nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Huenda utauliza mtu wa Dodoma anahusikaje na chumba cha Paris. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 nimepangisha vyumba vyangu viwili kwa watumishi waliohamishwa, na mmoja wao, aliyekula Krismasi peke yake mlango ukiwa umerudishwa, aliwahi kuniambia: "Mwalimu, hapa nimepanga, sijahamia." Nilimkumbuka niliposoma habari za Giovanni na matofali yake. Upweke wa mpangaji wangu ulikuwa na tiba, kwani likizo ilipofika alipanda basi akaenda kwao. Upweke anaouandika Baldwin ni wa mtu ambaye hata akipanda basi hana pa kushukia, kwa sababu analolificha moyoni, yaani kuwapenda wanaume wenzake, ndilo litakalomfungia mlango wa nyumbani. Tumezoea kusema mkataa kwao ni mtumwa, na methali hiyo nimeifundisha miaka mingi bila hata siku moja kuwauliza wanafunzi wangu: na yule aliyekataliwa na kwao, tumwiteje?

Najua hoja itakayoletwa mezani kwako, nayo ni sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la kujamiiana kinyume cha maumbile, tena kwa ukali; hakisemi lolote juu ya msomaji anayeketi na riwaya, ilhali Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi. Na anayedhani kitabu hiki kinashawishi vijana, nadhani hakukifikisha mwisho, maana hakuna mtu ndani yake anayeondoka na furaha: Giovanni anauawa, mchumba wa David anarudi Marekani akiwa amevunjika moyo, na David anabaki na woga wake.

Baldwin mwenyewe, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem mwaka 1924, alionywa kwamba kitabu hiki kingemharibia jina, na wachapishaji wa riwaya yake ya kwanza wakakikataa kabla hakijatoka kwingine mwaka 1956. Sisi pia tuna kumbukumbu ya namna hiyo: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa shuleni, kisha ikaja kuwa kitabu cha kiada, nami nikaifundisha mbele ya wazazi walewale waliokuwa wameiogopa.

Siombi riwaya hii iwekwe kwenye rafu za watoto. Ibaki nyuma ya meza ya mapokezi ukiona inafaa, na itolewe kwa mtu mzima atakayeonyesha kitambulisho. Ila irudi kwenye orodha, ili anayeitafuta asilazimike kuinong'ona. Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa hapo, na kadi yangu ya uanachama mkononi.

Wako katika usomaji,

Mwalimu mstaafu, Chang'ombe, Dodoma