Kwa Nini Mwanafunzi Wetu Haanzi na Biti

Lawama inayotufikia mara kwa mara hapa studio, na ambayo safari hii imeletwa na mzazi aliyeamini kwamba tumemlia fedha zake, ni kwamba mwezi wa kwanza wa mafunzo unakwisha bila mwanafunzi kutengeneza hata biti moja, yaani mdundo wa ala unaobeba wimbo. Ni kweli, hatengenezi. Mwezi huo anajifunza kurekodi: kuweka maiki mahali pake, kupima sauti inayoingia na kukisikiliza chumba chenyewe, kwa sababu prodyuza asiyejua kurekodi hutegemea kompyuta imfanyie kazi ambayo kompyuta haiwezi.

Wengi wanaojifundisha nyumbani hupandisha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti inayoingia, mpaka taa nyekundu iwake, wakidhani wimbo utapata nguvu. Katika kurekodi kwa dijitali, ambako ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, desibeli sifuri ndiyo mwisho. Sauti ikivuka hapo, vilele vyake, yaani sehemu zake kubwa kuliko zote, hukatwa na msikilizaji husikia mkwaruzo. Ndiyo maana tunamzoesha mwanafunzi kuacha vilele vicheze kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, na mwimbaji asimame kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, kwani maiki nyingi za kuimbia, mtu akizisogelea mno, huongeza besi mpaka maneno yanafifia.

Kijana mmoja wa Ngarenaro, Arusha, aliona hayo ni kupoteza muda. Alipakua biti ya MP3 kutoka mtandaoni, akarekodi sauti kwa simu chumbani kwake, chini ya bati, wakati wa masika, kisha akatuletea akiomba tumsafishie tu. Tulipoondoa kelele ya mvua, sauti yake nayo ikaanza kusikika kama inatoka ndani ya debe. Na kwa kuwa biti nzima ilikuwa faili moja, hatukuweza kushusha kiki, ile ngoma nzito ya chini, iliyomfunika bila kugusa vyombo vingine. Akarudia kurekodi kila kitu, akalipa zaidi ya ambavyo angelipa tangu mwanzo. Kwaya moja nayo ilikataa kulipia saa za maandalizi, ikarekodi yenyewe kanisani, kwenye sakafu ya saruji na kuta tupu, maiki ikiwa mbele ya sauti ya kwanza. Waimbaji wa besi walisikika kama wako nje ya jengo. (Walikuwa wakiimba vizuri sana, jambo lililotuuma zaidi.)

Kuhusu ada, tunajua wapo wanaofundisha kwa bei ya chini, darasa zima likitazama kioo kimoja cha kompyuta. Hapa kila mwanafunzi anashika mwenyewe maiki ya kondensa, aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi, anaiwashia umeme wake wa volti 48, anakosea, anafuta na kurudia, na fundi amekaa pembeni yake. Kuta zimewekewa vifyonza sauti kwa gharama yetu, na betri zipo ili umeme ukikatika kazi yake isipotee. Hatuoni ni wapi tungepunguza bila kumpunja yeye.

Biti zinaanza mwezi wa pili, na mwanafunzi huzijenga juu ya sauti alizorekodi mwenyewe mwezi wa kwanza. Mzazi mwenye shaka anakaribishwa Jumamosi asubuhi, avae hedifoni na alinganishe kazi ya wiki ya kwanza ya mtoto wake na ya wiki ya nne, kabla hajalipa ada ya mwezi unaofuata.