Salma asitemeshwe mate bado

Mwanangu Zainabu,

Baada ya salamu, sisi huku Langoni hatujambo, ila goti la babako linamsumbua akipanda ngazi. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ule wa Salma na kipimo cha mate: yanatiwa kichupani, yanapelekwa ng'ambo, kisha mnaletewa jibu kama mtoto atakuja kuwa haoni mbali. Wewe na babake nyote mna miwani toka shule ya msingi, kwa hivyo wasiwasi wenu nauelewa. Lakini mamako amefanya kazi chumba cha macho mpaka akastaafu, na rai yangu ni kwamba pesa hizo mziweke.

Sisemi sayansi yenyewe ni ya uongo. Kutoona mbali kunarithiwa, halina ubishi hilo. Ila hakuna jeni moja ya miwani. Mwaka 2018 watafiti walipima watu zaidi ya 160,000 wakapata sehemu 161 za vinasaba zinazohusika. Kufika 2020, kwa watu zaidi ya nusu milioni, zilikuwa 449. Kila moja inasukuma kidogo tu. Zile za 2018 zote kwa pamoja zilieleza chini ya asilimia 8 ya tofauti ya macho baina ya mtu na mtu. Tena wengi wa waliopimwa ni watu wenye asili ya Ulaya, na hesabu iliyokatwa kwa kipimo chao itamkaa mtoto wetu kama kanzu ya kuazima. Kwamba Salma yuko hatarini, miwani yenu miwili imeshasema, bure.

Wewe mwenyewe nilikugundua gatini. Watoto wenzako wakitaja jahazi la nani linaingia, kwa tanga tu, nawe umefinya macho, unangoja mpaka lifunge kamba ndipo umwone mjombako. Jicho lilikuwa limerefuka kupita kiasi, picha inaangukia mbele ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, badala ya juu yake. Milimita moja ya ziada yatosha kumpeleka mtu kwenye miwani inayokaribia namba tatu.

Na urefu huo hauletwi na damu peke yake. Kule Alaska, katika miaka ya 1960, familia za Wainuit zilipimwa: wazee karibu wote wanaona mbali, vijana wao wengi hawaoni. Jeni hazibadiliki kwa kizazi kimoja. Kilichobadilika ni maisha, shule ikiwemo. Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo hili, na wenzao ambao hawakuongezewa ni asilimia 39.5. Si muujiza, lakini kutoka nje hakulipiwi. Hapo gorofani kwenu South C sijui mnamchezesha wapi. Mtafutieni uwanja, na mwanga wa mchana hasa. Likizo ya Desemba mleteni kwangu, tableti ibaki Nairobi.

Kama lazima mlipe, lipieni kupimwa macho kwa dawa ya kupanua mboni. Bila dawa mtoto hukaza jicho na namba ikadanganya. Katika umri wake wa miaka 6, jicho linatakiwa bado liwe na namba ya kujumlisha (+), si ya kutoa (-) kama ya miwani yenu. Ikiwa +0.75 au chini ya hapo, basi huyo ni wa kufuatiliwa kwa karibu. Siku hizi kuna matone ya atropini ya nguvu ndogo na lenzi maalumu za kupunguza kasi ya jicho kurefuka, lakini hayo ni ya daktari kuamua, na baada ya tatizo kuonekana. Siku ya kupimwa mvalishe kofia, maana mboni ikipanuliwa jua litamchoma macho kwa saa kadhaa na atakulilia njia nzima.

Karatasi ya majibu ipige picha unitumie, nione namba ya kulia na ya kushoto.

Mamako