Baba, umeniuliza mbona tunakitukana chama chetu

Cannock, Staffordshire, Uingereza
17 Agosti 2025

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, hofu yangu ni juu yenu, hasa huo mguu wa Mama. Juzi simu ilikatika kabla sijakujibu, na swali lenyewe si la kujibiwa kwa meseji. Ulisema, "Hao Labour si chama cha wafanyakazi? Nyie si wafanyakazi? Mbona kila nikifungua redio nasikia mnawatukana?" Nikasikia wenzio wa barazani wanaangua kicheko. Basi vuta kikombe chako cha kahawa, nikueleze.

Kwanza jambo ambalo hapo Ngamiani hamtaliamini: huku mimi napiga kura. Uraia wao sina, pasipoti yangu ni hii hii ya kwetu, ila Tanzania imo kwenye Jumuiya ya Madola na kibali changu cha kuishi ni halali, kwa hiyo sheria yao inaniruhusu. Oktoba hii nyinyi mtapanga foleni, mimi simo, maana kwetu aliye nje hapigi kura mpaka arudi. Yaani Mwingereza namchagulia mbunge wake, wangu simchagui.

Tarehe 4 Julai mwaka jana nikatoka zamu ya usiku, nikapitia kituoni na buti zangu za kazi, kura nikawapa Labour. Wakazoa viti 411 kati ya 650. Ukisikia hivyo utadhani nchi nzima iliwabeba mabegani. Kumbe kura zenyewe ni kama theluthi moja tu ya zilizopigwa, na waliojitokeza ni kama sita katika kila watu kumi. Watu walikuwa wamewachoka wapinzani wao, Conservative, waliokaa madarakani miaka 14, basi. Viongozi wetu wakasoma ile 411, theluthi hawakuisoma.

Mwezi haujakwisha, waziri wa fedha, Rachel Reeves, akatangaza kwamba posho ya wastaafu ya kupashia nyumba joto, pauni 200 au 300 kwa mwaka, itabaki kwa wale mafukara kabisa. Wazee karibu milioni 10 wakakatwa. Wewe baridi unayoijua ni ya Lushoto, Baba. Ya huku inapiga mpaka meno yanauma. Januari kifurushi cha jirani yangu kililetwa kwangu kwa makosa, nikampelekea. Bibi wa makamo ya themanini hivi. Kanifungulia mlango amevaa koti, skafu na kofia ya sufu, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na chupa ya mpira ya maji moto kaipakata kama mjukuu. Akasema tangu aanze kupiga kura hajawahi kukipa chama kingine, na marehemu mumewe vilevile. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeeleza ndugu yake alivyomdhulumu.

Juni mwaka huu serikali ikarudi nyuma, wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka watalipwa tena. Haya, ahsante. Ile baridi alikuwa keshaimaliza na koti lake.

Sasa nikupe habari ya mzee mmoja ninayefunga naye mizigo ghalani. Cannock hii ilikuwa ya makaa ya mawe, na mgodi wa mwisho ulifungwa 1993; yeye aliingia shimoni akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Aligoma 1984 mpaka Machi 1985, mwaka mzima bila mshahara, huku wenzake wengi wa hapa hapa wanaingia kazini. Mpaka leo kuna watu hapa mjini hasalimiani nao. Lakini kinachomkera zaidi si hao. Ni kiongozi wa Labour wa wakati ule, Neil Kinnock, mtoto wa mchimba makaa, ambaye mgomo ule hakuuunga mkono waziwazi. "Wa kwetu kabisa," anasema, "tena baba yake aliingia shimoni kama sisi."

Baba, hapo nilikukumbuka wewe na hadithi zako za shamba la mkonge. Ulivyokuwa ukituambia ya 1964, TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilipovunjwa ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, ndiye huyo huyo waziri wa kazi. "Ukienda chamani kumshitaki serikali, unamkuta serikali kakaa kwenye kiti cha chama." Tulikuwa tunacheka bila kuelewa. Nimeielewa nikiwa na miaka arobaini na kitu, ghalani, nimeshika gundi ya karatasi.

Birmingham si mbali na hapa kwa treni, naenda kununua unga wa muhogo. Aprili nilikuta mifuko ya taka imerundikana ukingoni mwa barabara inanifika kifuani, na panya anavuka mchana kweupe, hana haraka, kama mwenye nyumba. Wazoa taka wako kwenye mgomo tangu Januari, na tangu tarehe 11 Machi hawajagusa kazi kabisa. Wanasema mabadiliko ya vyeo yatawakata baadhi yao mpaka pauni 8,000 kwa mwaka. Halmashauri inakataa hesabu hiyo. Na halmashauri ni ya nani? Ya Labour. Chama chao cha wafanyakazi, Unite, ni katika wafadhili wakubwa wa Labour hiyo hiyo. Julai wakapiga kura kumsimamisha uanachama naibu waziri mkuu, Angela Rayner, mwanamke aliyeanza maisha kwa kuhudumia wazee majumbani. Upande wake wakajibu kwamba alikwisha kujitoa zamani. Ugomvi wa ndugu, hata talaka wanagombania nani aliiandika.

Yule mzee wangu, Aprili hiyo hiyo, aliletewa kipeperushi cha Labour mlangoni. Akaja nacho kazini, akakikunja mara nne, akakisukumia chini ya mguu wa meza yetu ya chai iliyokuwa inayumba. Akaijaribu kwa kiganja. "Angalau kimefanya kazi moja."

Tarehe 1 Mei akawapa kura Reform, chama cha Nigel Farage, na Reform wakaichukua halmashauri ya Staffordshire. Kaniambia mwenyewe huku ananimiminia chai. Nikamuuliza, hao si ndio hawatutaki sisi wageni? Akasema, "Si wewe. Wewe unafanya kazi." Sikujua nishukuru au niondoke. Nikanywa chai.

Na Labour, badala ya kumfuata mzee huyu na mambo ya mshahara wake, wakamfuata Farage na maneno yake. Tarehe 12 Mei waziri mkuu, Keir Starmer, akasema nchi inaweza kugeuka kisiwa cha watu wasiojuana. Mwezi uliofuata akasema anajutia neno hilo. Huyu ndiye anayetukumbusha kila mara kwamba baba yake alikuwa fundi wa viwandani, mpaka watu wanamcheka. Sasa wanataka mgeni angoje miaka 10 badala ya mitano kupata ukaaji wa kudumu. Mimi nimeshavuka, lakini dada mmoja wa Muheza anayehudumia wazee huku anahesabu upya umri wa wanawe.

Mzee kaniuliza na mimi uchaguzi ujao nitampa nani. Nikamwambia kwanza nijue kama Jumatatu nina zamu, maana wakala wetu anatufuta kwa meseji saa nne usiku. Akacheka, akasema naye hajui.

Nimetuma laki mbili na nusu. Hamsini ni za Mama, miwani na dawa ya mguu, asimpe mtu. Zinazobaki ni za bati la upande wa jikoni kabla ya vuli. Nisalimie wote wa Barabara ya 12, na huyo aliyecheka kuliko wote mwambie nimemsikia.

Mwanao