YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUHARIBIWA KWA TANGI LANGU LA SAMAKI NA KAULI YA MHUDUMU WENU

Kwa Meneja,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kaunteni kwenu Jumamosi iliyopita. Nilikuja na kopo lenye samaki wangu waliokufa, nikauliza kwa upole fundi wenu ameweka nini kwenye tangi langu. Mhudumu wenu akanijibu mbele za watu: "Mama, kama shida yako ni samaki, Soko la Majengo sato wamejaa." Watu wakacheka. Na yeye akacheka.

Masharti ya huduma yenu mnayajua wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Niliomba tangi lisafishwe. Sikuomba changarawe itolewe yote, imwagwe kwenye beseni na kusuguliwa kwa sabuni ya unga kama masufuria ya shughuli. Beseni linanuka sabuni hadi leo. Hivi fundi wa matangi hajui kwamba humo kwenye changarawe ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo sumu yake ni ndogo? Changarawe hunyonywa taka kwa mpira ikiwa humo humo tangini, sehemu hii leo, sehemu ile wiki ijayo. Ikilazimu kusuuzwa, husuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe, kwa sababu hata klorini ya bomba inaua hao bakteria. Sasa sabuni!

Changarawe nyingine kaimwaga uani, na ilipopungua akajazia mawe meupe kutoka kwenye gunia lenu, vile vipande vya marumaru vinavyomwagwa juu ya makaburi. Sikuulizwa. Nimevidondoshea siki, vikatoa povu. Hiyo ni chokaa, inapandisha pH na kuyazidishia maji ugumu. Maji ya visima vya Mzakwe hayana haja ya kuongezewa ugumu, kila mwenye birika Dodoma anaujua ule ukoko mweupe. Mimi nayachanganya na maji ya mvua, na mvua ya huku mnajua ilivyo ya kubahatisha. Mawe hayo mngempelekea anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wao maji magumu ndiyo kwao. Wangu ni koridorasi, asili yao Amerika Kusini, wanaofukua mchanga kwa masharubu kutafuta chakula. Aliyebaki hai masharubu ya upande mmoja yamekatika, upande wa pili ni vijiti tu.

Hayo ndiyo niliyotaka kumweleza yule kijana. Nilifungua kopo, nikaliweka juu ya kaunta, nikamwambia, "Mwanangu, hebu angalia masharubu ya huyu." Hakuinua macho kwenye simu. Mdomo umejaa chipsi, ndipo akanitamkia hayo ya Soko la Majengo na sato. Kisha akamgeukia aliyesimama nyuma yangu, "Karibu bosi, nikuhudumie nini?" Kopo langu liko wazi mbele yake. Ana umri wa mwanangu wa mwisho, na mama yake sidhani kama angependa kuyasikia.

Na kabla ya hapo, usiku ule ule wa usafi, samaki walipopanda juu kuhemea hewa, nilimpigia fundi. Akasema, "Watazoea." Akakata simu.

Nilikuja nikitaka shilingi 85,000 zangu tu. Sasa hazinitoshi. Nataka mawe yenu yatolewe na uwekwe mchanga laini wa mto, ulioshwe kwa maji matupu mpaka yatoke meupe, na usitoe povu kwenye siki, nitaupima mwenyewe. Nataka samaki wengine badala ya waliokufa, ila msithubutu kuwaleta kabla amonia na naitraiti hazijapimwa zikawa sifuri, hata kama ni wiki sita. Na kijana huyo aniombe radhi hapo hapo kaunteni, wateja wakiwepo. Si kwa simu.

Nawapa siku saba. Zikipita, barua hii, risiti yenu na picha za samaki vinakwenda Tume ya Ushindani, na madai yangu yatakuwa pamoja na gharama za kuwafuatilia.

Mteja wenu,
Area C, Dodoma

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, yule aliyebaki naye ameelea. Siku saba nimezifuta, ni tatu.