Hadithi za kale zinangoja kamera

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe watengenezaji wa filamu wa kujitegemea kwamba hadithi zilizokusanywa Unguja na mmisionari Mwingereza Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870 zimekwisha kuwa mali ya umma, kwani mkusanyaji huyo alifariki mwaka 1882, nayo sheria ya hakimiliki ya Tanzania humlinda mtunzi uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Kiko, kwa mfano, kisa cha Sultani Darai: maskini anachakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumni, ananunua paa, na paa huyo anakwenda kumposea binti wa sultani kwa kudai kuwa bwana wake amevuliwa nguo na wanyang'anyi. Sioni hapo cha kumtisha mtayarishaji asiye na mfadhili, ukiacha joka lenye vichwa saba, ambalo kivuli na sauti vitalitosha.

Hata hivyo, atumie matini ya 1870 yenyewe, si toleo jipya lenye mwenyewe. Na kwa kuwa sheria hiyohiyo inagusa pia ngano za jadi, aulizie COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kuhusu kibali kabla ya kuipeleka filamu sokoni.

Msomaji wako,
Tanga