Barua ya wazi kwa wanafunzi wa uuguzi mwaka wa mwisho, Dodoma

Wanangu,

Kila msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ukifika, wengi mnakimbilia ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ya Hospitali ya Benjamin Mkapa au chumba cha upasuaji. Sina ugomvi na ICU. Ila ukija kupangiwa zahanati huko Chamwino au Mpwapwa, usiku mtabaki wewe na mgonjwa. Chagueni wodi ambayo kazi itapita mikononi mwenu, si ile ya kusimama pembeni kutazama mashine.

Kabla hujajaza fomu, fika wodini asubuhi zamu zinapopokezana. Muulize muuguzi mfawidhi wanafunzi ni wangapi kwa zamu na wanaruhusiwa kufanya nini. Wanafunzi wakiwa wengi kuliko wagonjwa, utaondoka na sahihi tupu kwenye daftari la mafunzo, bila ujuzi. Omba na zamu za usiku.

Mimi ningeanza na leba, wodi ya kujifungulia. Mtoto akishatoka, papasa tumbo la mama kuhakikisha hakuna pacha, kisha mchome mama oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja. Dawa hii hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda juu ya trei kwenye joto letu la Novemba inapungua nguvu, na mji wa mimba unabaki mlegevu huku wewe ukidhani umeshamaliza kazi. Damu nayo msiikadirie kwa macho, maana macho hupunguza. Pima uzito wa kanga ya kukinga damu ikiwa kavu, ipime tena ikiwa imelowa. Kila gramu iliyozidi ihesabu kama mililita moja. Ikifika mililita 500, ita msaada. Mama mwenye upungufu wa damu usimngojee afike huko.

Wodi ya watoto itawafundisha hesabu. Seti ya dripu ya watoto hutoa matone 60 kwa mililita, kwa hiyo mililita 30 kwa saa ni matone 30 kwa dakika. Ukifunga seti ya matone 20 ukahesabu vilevile, mtoto anapata mililita 90 kwa saa. Kwa mwenye utapiamlo mkali, moyo unaweza kushindwa kabla ya zamu kuisha. Soma pakiti ya seti kwanza, na mpime mtoto uzito mwenyewe. Usinakili wa jana.

Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, mnaikwepa kwa sababu ya maneno ya mtaani, na hapo mnajinyima. Mgonjwa wa akili atakukuta popote utakapofanya kazi. Aliyeanzishiwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, anaweza kupinda shingo na macho yakageukia juu. Ndugu wataanza kutafuta mganga wa kienyeji, kumbe ni dawa, na sindano sahihi humfungua haraka. Anayetumia lithiamu, dawa nyingine ya akili, akiharisha au akikosa maji, dawa hupanda mwilini: mikono hutetemeka sana, hutapika, huyumba. Haya hutayaona vizuri kwingine.

Upasuaji, wiki chache zinatosha: jifunze kuhesabu gozi na vifaa kabla ya kuanza, kabla ya kufunga, na mwisho kabisa.

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, hivyo anzeni sasa. Na siku ya kwanza ulizeni dawa za kinga ya VVU zinatolewa wapi usiku. Ukichomwa na sindano, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, toa taarifa, uzianze ndani ya saa chache. Zikipita saa 72 umechelewa.

Ni mimi mama yenu katika kazi hii.