Kabla ya kusema watu hawasomi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi niseme na ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaotoa vitabu vyao wenyewe vya kusomwa kwenye simu na kuviuza humo humo.

Kitabu kikidoda, utasikia watu hawasomi. Mara nyingi habari yenyewe haikuwafika. Mwandishi hutia namba 200 kwenye orodha ya brodkasti ya WhatsApp, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, kila mtu kwake, akatuma, akangoja. Ujumbe ule humfika tu aliyehifadhi namba ya mtumaji. Asiyeihifadhi hapati kitu. Tena orodha moja haichukui zaidi ya watu 256. Kwa hiyo miezi miwili kabla ya kitabu kutoka, kazi ni moja: kuomba namba yako ihifadhiwe. Na mtu haihifadhi hivi hivi. Mpe sura ya kwanza nzima kwa sharti hilo, ianze na kisa chenyewe, dibaji na shukurani zibaki nyuma.

Tafadhalini, msiitume kwa PDF ya ukubwa wa A4. Kwenye simu herufi huwa kama chembe za ufuta. Msomaji huikuza, halafu kila mstari avute kushoto na kulia, mwisho huchoka akafunga. EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kielektroniki, hujipanga kwa upana wa kioo. Ikibidi PDF, ipangwe kwa kurasa za A6, yaani robo ya A4, herufi za ukubwa wa 14. Jalada nalo lipunguzwe hadi upana wa kidole gumba, litazamwe juani. Jina lisiposomeka, lirudishwe kwa mchoraji.

Wateja wengi hupotelea kwenye malipo. "Bei njoo inboksi" humkimbiza mtu. Andika bei, namba ya kulipia na jina litakalotokea, vyote katika ujumbe mmoja. Mnunuzi akikuta jina asilolijua kabla ya kuthibitisha, hudhani ni tapeli, akaghairi. Akishalipa, andika jina lake ukurasa wa pili wa faili. Kusambazwa bure hakutakoma, lakini wengi huona haya kusambaza chenye jina lao.

Anayeuza Amazon akumbuke: akijiunga na KDP Select, mpango wa Amazon wa kuuza kwao peke yao, kwa siku 90 haruhusiwi kuuza kitabu hicho cha kielektroniki kwengine, hata WhatsApp.

Nawe Mhariri, gazeti likitaja kitabu kipya cha kusomwa kwenye simu, lichapishe pia bei na namba ya kukinunulia.

Mhariri wa vitabu,
Chake Chake, Pemba